Presha yangu imekuwa ubao wa drafti: naomba msaada kwenye fainaiti elementi za maji yanayopita ardhini

Mwana_Kisima (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni, na wakubwa shikamooni.

Nipo mwaka wa pili wa uzamili. Kazi yangu ni modeli ya maji ya ardhini ukanda wa pwani, kusini mwa Dar. Kwa ambaye hajawahi kuona kinachotoka kwenye mtambo wa kuchimba kule: juu mchanga, katikati udongo wa mfinyanzi, chini mchanga tena. Visima vya mitaani vingi vinanyonya mchanga wa juu, hukohuko ambako vyoo vya shimo vinamwagia. Ninachotaka kujua ni kwamba uchafu ukishaingia kwenye mchanga unachukua siku ngapi kufika kisimani. Kwa hiyo presha peke yake hainisaidii. Nataka kasi ya maji kila sehemu, nidondoshe vidoti nivifuate vinakwenda wapi.

Nimeandika kodi mwenyewe (kodi ya kompyuta, siyo ya mwenye nyumba, ingawa zote mbili zinaninyima usingizi). Milinganyo ni miwili tu:

(μ/k) v + ∇p = 0
∇·v = f

Wa kwanza ni kanuni ya Darcy: v ni kasi, p presha, k upenyezaji wa udongo, μ mnato wa maji, na ∇p mteremko wa presha. Wa pili unasema maji hayazaliwi wala hayafi, isipokuwa pale penye kisima, ndiyo hiyo f. Eneo nimeligawa vipande vya mraba (ndizo elementi, na mtandao wake ndio meshi), na kila nodi, yaani kona ya kipande, nimeiwekea kasi na presha, zote za daraja la kwanza (kati ya nodi zinabadilika kwa mstari ulionyooka). Kingo zote nimezifunga. Ndani nina kisima kimoja kinachochota na kingine kinachorudisha kiasi kilekile.

Soliva (sehemu ya kodi inayotatua milinganyo) ikagoma, ikasema matriksi haigeuziki. Nikakumbuka presha inahitaji pa kushikilia, nikaifunga nodi moja iwe sifuri. Ikaendelea kulalamika kidogo halafu ikatoa jibu. Nilipofungua picha nikakuta presha ya nodi moja iko juu mawinguni, ya pili iko kuzimu, ya tatu mawinguni. Drafti kabisa, kilichokosekana ni kete. Nikadhani meshi ni kubwa mno, nikatoka 20 kwa 20 kwenda 80 kwa 80. Sasa nina drafti yenye vyumba vidogo.

Msimamizi wangu yuko safarini. Nimeharibu wapi?

---

Kijiwe_Nongwa

Ngoja waje wajuvi. Mimi natia nanga hapa, nimependa hiyo drafti.

---

Mzee_Bomba

Marahaba kijana. Nimechimba visima tangu enzi za mtambo wa kugonga, na modeli nimezitumia pia kabla sijastaafu. Ushauri wangu mfupi: achana na kodi yako, chukua programu ya MODFLOW ya Wamarekani wa USGS, idara yao ya jiolojia. Ipo tangu 1984, ni ya bure, inagawa ardhi maboksi na inakupa bajeti ya maji (yanayoingia na yanayotoka) boksi kwa boksi. Hayo mambo ya kasi na presha kwa pamoja mnajitafutia kazi.

---

Mwana_Kisima

Asante mzee. Tatizo matabaka yangu yamepinda na kuna mahali mfinyanzi umekatika, maboksi yanakuwa ngazi ngazi. Pia tasnifu yenyewe inanitaka nitumie fainaiti elementi.

---

Bi_Pembetatu

Mdogo wangu, kosa lako siyo la kuandika kodi. Ungekuja na kodi ya mtu mwingine yeyote yenye chaguo hilohilo la elementi ungeona drafti hiyohiyo. Chukua karatasi, tufanye kwa mstari mmoja, mwelekeo mmoja tu, utaona mwenyewe.

Nodi zako ni 0, 1, 2 hadi N, umbali kati yake h. Mlinganyo wa Darcy unaupima kwa kipimio w ambacho ni kipembe kidogo: kina urefu 1 kwenye nodi i na sifuri kwa majirani. Sehemu ya presha inakuwa jumla ya w mara mteremko wa p. Kushoto kwa nodi mteremko ni (p_i − p_(i−1))/h, kulia ni (p_(i+1) − p_i)/h, na kila upande kipembe kina eneo h/2. Jumlisha:

½(p_i − p_(i−1)) + ½(p_(i+1) − p_i) = ½(p_(i+1) − p_(i−1))

Umeona p_i imekwenda wapi? Imejifuta. Yaani nodi inaulizwa habari za mteremko, lakini presha ya mwenye nyumba haihesabiwi, wanaulizwa majirani wa kulia na kushoto tu. Sasa weka presha +1, −1, +1, −1. Jirani wa kulia na wa kushoto daima wanafanana, tofauti sifuri. Mlinganyo unaona maji yametulia tuli wakati presha inaruka kama chura. Na kwa kuwa umefunga kingo zote, vile vipembe nusu vya mwisho, ambavyo vingeona kuruka huko, umevitoa.

Ndiyo maana kufunga nodi moja hakukusaidia. Kwenye miraba yako yaliyofichika siyo presha ya kudumu peke yake. Kuna milia ya wima, kuna milia ya mlalo, na kuna drafti. Umemfunga mmoja, watatu wako nje. Na kupunguza h hakubadilishi kitu, maana kwenye ile hesabu h yenyewe imekatika.

Ugonjwa huu una jina la wakubwa watatu: Ladyzhenskaya, Babuška na Brezzi. Brezzi aliuandika sawasawa 1974, Babuška mwaka mmoja kabla. Kwa lugha ya nyumbani sharti lao linasema: kwa kila presha unayoiruhusu, lazima kuwe na kasi ndani ya kapu lako inayoweza kuiona. Kapu lako la kasi na kapu lako la presha ni saizi moja, kwa hiyo kuna presha zinazojificha.

Njia za kutoka ziko mbili. Ama ubadilishe makapu, kama walivyofanya Raviart na Thomas 1977, ama ubaki na makapu yako uongeze kitulizo kwenye milinganyo. Kwa kuwa kodi umeshaiandika, anza na kitulizo. Tafuta kazi ya Masud na Hughes ya 2002, imeandikwa kwa ajili ya Darcy hasa. Utaongeza mistari michache tu.

---

Mwana_Kisima

Dada ubarikiwe. Hiyo ya majirani nimeirudia mara tatu kwenye karatasi. Miezi miwili nilikuwa natafuta alama ya kutoa iliyokosewa!

Sasa hicho kitulizo kisije kikawa ni kupaka rangi juu ya kutu. Kwenye kozi ya maji ya mito tulifundishwa kuongeza mnato wa bandia ili picha ipendeze, na mwalimu akatuambia hapohapo kuwa huo ni udanganyifu.

---

Bi_Pembetatu

Swali zuri. Kuna vitulizo vya namna hiyo kweli. Hiki siyo. Wacha b iwe μ/k ili tusichoke kuandika, w na q viwe vipimio vya mlinganyo wa kwanza na wa pili, na mabano yenye mkato yawe kuzidisha kisha kujumlisha eneo zima. Fomula ya kawaida ni:

(b v, w) − (p, ∇·w) + (∇·v, q)

Wao wanaongeza:

½ ( b v + ∇p , −w + ∇q/b )

Tazama sehemu ya kwanza ya nyongeza: b v + ∇p. Hiyo ni kanuni ya Darcy yenyewe. Kwa jibu la kweli ni sifuri. Kwa hiyo ukiweka jibu la kweli ndani ya fomula, nyongeza inatoweka, hujabadilisha fizikia hata kidogo. Inamuuma tu yule anayekiuka Darcy ndani ya elementi, na drafti inakiuka vibaya sana: mteremko mkali huku kasi ikiwa sifuri.

Halafu fanya jaribio la kila siku: weka w = v na q = p. Maneno ya katikati yanafutana mawili mawili, unabaki na

½ b v² + ½ (∇p)²/b

Vyote ni chanya, kasi na presha. Hakuna pa kujificha. Sharti la Brezzi halikuvunjwa, limezungukwa kwa barabara ya pembeni. Na kitu ninachokipenda mimi: hakuna namba ya kurekebisha kwa kubahatisha. Hiyo nusu ni nusu, haitegemei h, haitegemei udongo. Anayetoka kwenye mbinu za kutuliza za maji ya mto, ambako kila mtu ana τ (namba ya kitulizo) yake ya siri, atashukuru.

Kwenye safu yako ya nodi, sehemu ya ∇p mara ∇q inaleta (−p_(i−1) + 2p_i − p_(i+1))/2h. Mwenye nyumba kaanza kuulizwa. Drafti ikipita hapo inapigwa na 2/h, na kadiri meshi inavyokuwa ndogo ndivyo fimbo inavyokuwa kubwa.

---

Kijiwe_Nongwa

Fimbo kwa drafti. Sijaelewa ila naendelea kukaa.

---

Mwana_Mvita

Salamu kutoka Mombasa. Nami nidandie hapahapa: huku kwetu shida ni chumvi, visima karibu na bahari vyachachuka. Kitulizo hiki chafaa kwa chumvi?

---

Bi_Pembetatu

Kaka yangu, huo ni ugonjwa mwingine unaofanana dalili. Chumvi inasafirishwa na maji na pia inasambaa yenyewe. Linganisha vh na 2D, ambapo D ni kiwango cha kusambaa. vh ikizidi 2D, elementi za kawaida zinaanza kutoa mawimbi: chumvi hasi, chumvi kuliko bahari yenyewe. Dawa yake ya kwanza iliyokubalika ni ile ya Brooks na Hughes, 1982, inayotuliza kwa kufuata mkondo wa maji peke yake, haigusi pembeni. Hughes ndiye huyuhuyu. Lakini dawa hiyo inataka v iliyo safi. Ukiipa kasi mbovu inakusafirishia chumvi vizuri kabisa kwenda kusiko.

Kabla ya modeli yoyote, piga ile hesabu ya Ghyben na Herzberg: kila mita 1 ya maji baridi (yasiyo na chumvi) juu ya usawa wa bahari inashikilia kama mita 40 chini yake. Ukishusha kisima nusu mita kwa kuchota, umekaribisha chumvi ipande mita 20. Fungua uzi wako tutakuja.

---

Mwana_Kisima

Wakuu, nimerudi baada ya siku tisa.

Kwanza: drafti imekufa. Presha laini kama maziwa mgando. Nilitaka kuchinja kuku.

Kisha nikasema kabla sijaenda kwenye ardhi halisi nijaribu kasha ambalo jibu lake nalijua. Tabaka mbili za mlalo, mchanga juu, mfinyanzi chini, upenyezaji wa mchanga mara 100 ya mfinyanzi. Maji yanatoka kushoto kwenda kulia, presha nimeiweka pande zote mbili. Jibu halihitaji kompyuta: mteremko wa presha ni uleule kote, kwa hiyo kasi kwenye mfinyanzi ni 1, kwenye mchanga ni 100. Elementi 10 kwa kila tabaka.

Presha imetoka sawa kabisa. Kasi hii hapa, kutoka juu kushuka, nodi kwa nodi, karibu na mpaka wa tabaka:

100.1
99.5
101.9
93.0
126.3
1.98 (nodi ya mpakani)
0.74
1.07
0.98
1.0

126? Kwenye mchanga ambao jibu lake ni 100? Nikaongeza elementi ziwe 40 kila tabaka. 126.3 ileile, imesogea tu karibu na mpaka. Dada Bi_Pembetatu, nimekosea alama?

---

Bi_Pembetatu

Hujakosea popote. Umepata namba zilezile ambazo ningezipata kwa kalkuleta, na nakupongeza kwa kujaribu kasha kwanza. Wengi wanarukia ramani ya rangi, wanaiweka ukurasa wa mbele wa tasnifu, basi.

Kwenye mpaka wa tabaka kuna kitu kinachoendelea na kuna kitu kinachokatika. Presha inaendelea. Kasi ya kupenya mpaka inaendelea pia, maji yakitoka huku lazima yaingie kule. Lakini kasi ya kwenda sambamba na mpaka inakatika, na ni halali yake kukatika: 100 juu, 1 chini, hakuna cha katikati. Wewe umeiwekea nodi moja pale mpakani yenye namba moja. Umeilazimisha itoke 100 hadi 1 kwa mstari wa mteremko ndani ya elementi.

Fuata ninavyohesabu. Ndani ya mchanga kila nodi inadai (v_(i−1) + 4v_i + v_(i+1))/6 = 100. Iite tofauti na 100 kuwa e. Basi e_(i−1) + 4e_i + e_(i+1) = 0, na jibu linalofifia ni kuzidisha kila hatua kwa −(2 − √3), yaani −0.268. Nodi ya mpakani ni 1.98, tofauti −98.02. Zidisha: +26.3. Ndiyo 126.3 yako. Zidisha tena: −7.0, ndiyo 93. Tena: +1.9. Hakuna h popote, kwa hiyo hata ukiweka elementi milioni utapata 126.3.

Na kwa nini 1.98? Ni 2 × 1 × 100 / 101, wastani wa kinyume. Fomula inapima kwa b, na b ni kubwa kwenye mfinyanzi, kwa hiyo mfinyanzi ndiye mwenye sauti pale mpakani. Wastani huo ni sahihi kwa maji yanayopenya tabaka kwa tabaka. Hapa maji yanakwenda sambamba, umewekewa wastani usio wako.

Shukuru hukufanya kama wengi wanavyofanya: kutatua presha peke yake, kisha kuamrisha programu ikadirie −(k/μ)∇p juu ya nodi zinazoendelea. Hapo hakuna uzito wa b. Nodi ya mpaka inapata 50.5, na nodi ya kwanza ndani ya mfinyanzi inapata 1 − 13.3, yaani −12.3. Maji yanarudi nyuma. Nimewahi kuona mishale ya namna hiyo kwenye ripoti ya watu wazima, na maelezo chini yake kuwa ni "mzunguko wa ndani ya tabaka".

---

Mwana_Kisima

Dada... nina picha yenye mishale hiyo kwenye sura ya tatu. Ya mwaka jana. Nimeandika "mzunguko".

---

Kijiwe_Nongwa

😂😂😂 Futa kabla msimamizi hajarudi safarini.

---

Fundi_Meshi

Naomba nimtetee Masud na Hughes kidogo, isije ikaonekana wametuuzia mbuzi kwenye gunia. Angalia jumla ya maji yanayopita kashani. Ukijumlisha makosa ya e upande wa mchanga unapata upungufu wa kama 28h. Kwa elementi 10 hiyo ni asilimia 2.8 ya mtiririko wote, kwa elementi 40 ni 0.7. Kwa hiyo jumla inakwenda kwenye ukweli. Kama kazi yako ni kujua kisima kitatoa lita ngapi au kina cha maji kitashuka kiasi gani, mbinu inafaa, ni rahisi, inakubali elementi yoyote, pembetatu, mraba, matofali ya pande sita. Kwenye udongo wa aina moja ni raha tupu. Mwenyewe naitumia kwa mawe yenye upenyezaji unaobadilika polepole na sina malalamiko.

Ila kwa vidoti vyake, namuunga mkono dada. Kidoti kinapita kwenye nodi, hakipiti kwenye wastani.

---

Bi_Pembetatu

Sahihi kabisa, Fundi. Na kuna la pili ambalo linamhusu mwenye uzi zaidi ya 126. Bajeti ya maji. Kipimio q kikiwa 1 kila mahali, ∇q ni sifuri, kitulizo kinanyamaza, na eneo zima linapata bajeti sahihi. Lakini kwa elementi moja moja huna q iliyo 1 ndani ya elementi hiyo na sifuri nje, kwa sababu presha yako inaendelea. Kwa hiyo jumla kuu inafunga na vitabu vidogo havifungi. Hapa panavuja tone, pale panazaliwa tone. Kwa kidoti maana yake ni kwamba kinaweza kuzama kwenye elementi isiyo na kisima na kisitoke.

Raviart na Thomas walianzia upande huo. Kwenye elementi yao ya chini kabisa, kasi haikai kwenye nodi. Inakaa kwenye ukuta: kila ukuta wa elementi una namba moja, kiasi cha maji kinachopita. Presha ni moja kwa kila elementi. Kinachopita ukutani ni kimoja kwa majirani wote wawili, na kasi ya sambamba iko huru kukatika. Kila elementi inafunga kitabu chake. Gharama ipo: kwa meshi ya pembetatu yenye nodi N, kuta ni kama 3N na pembetatu kama 2N, kwa hiyo namba za kutafuta ni 5N. Wewe sasa hivi una 3N. Na matriksi yake siyo ya kupendeza kwa soliva za kawaida.

Kama hutaki kutupa kodi yako, kwa tabaka za mlalo kuna njia ya fundi: kwenye nodi za mpakani weka kasi ya mlalo mara mbili, moja ya juu moja ya chini, kasi ya wima na presha zibaki moja. 126 itapotea siku hiyohiyo. Lakini umesema matabaka yako yamepinda, itabidi uzungushe mielekeo kila nodi, na pale mfinyanzi unapokatika utakuna kichwa. Vilevile kuna toleo la kitulizo hichohicho lenye kasi inayokatika kila elementi, la Brezzi, Hughes, Marini na Masud, 2005. Kasi hailazimishwi tena kuendelea. Ni zuri, ila kwa vidoti ningekwenda Raviart na Thomas bila kuzunguka.

---

Mzee_Bomba

Nimesoma yote kwa miwani. Niulize la kijinga. Huyo Raviart anaweka presha moja kila boksi, na maji yanahesabiwa ukutani. Mbona MODFLOW yangu inafanya hivyohivyo?

---

Bi_Pembetatu

Shikamoo mzee. Siyo la kijinga, umepiga palepale. Russell na Wheeler walionyesha 1983: chukua elementi za Raviart na Thomas kwenye maboksi ya mstatili, fanya ile jumla ya (b v, w) kwa kupima nchani tu badala ya kwa usahihi, na kinachobaki ni maboksi yako yaleyale, presha katikati, wastani wa kinyume ukutani. Na hapo wastani wa kinyume unakaa mahali pake, kwa sababu unahesabu maji yanayopenya ukuta. Umekuwa ukitumia elementi mchanganyiko (za kasi na presha kwa pamoja) miaka yote mzee wangu.

---

Mzee_Bomba

Marahaba. Kumbe nimesoma bila kwenda shule.

Darcy mwenyewe alikuwa mtu wa bomba, msisahau. Maji yalifika mji wa Dijon 1840 kwa mfereji wake, na ile kanuni mnayoiandika kwa herufi za Kigiriki aliipata kwa kumwaga maji juu ya mchanga uliojazwa kwenye bomba la wima na kusoma geji, akaichapisha 1856 kama kiambatisho cha kitabu cha mabomba.

---

Mwana_Kisima

Ripoti ya mwisho, wiki tatu baadaye.

Nimehamia Raviart na Thomas. Kuandika upya kumenichukua siku nne, na siku mbili kati ya hizo ni alama ya kila ukuta (nani anahesabu maji yanatoka, nani yanaingia, nikikosea ukuta mmoja tu maji yanapotea kama pesa ya chenji). Kasha la tabaka mbili: 100 juu, 1 chini, hadi tarakimu ya mwisho. Bajeti ya kila elementi sifuri isipokuwa penye kisima.

Vidoti navyo. Kwa kasi ya zamani, vilivyopita juu tu ya mfinyanzi vilikuwa vinawahi kufika kuliko wenzao wa katikati ya mchanga, na vingine viwili vilikwama mahali pasipo na kisima na kuzunguka hapohapo. Sasa vyote vinafika. Sura ya tatu nimeiandika upya, neno "mzunguko" halimo.

Kodi ya Masud na Hughes sijaifuta, naitumia kupata presha ya haraka ninapobadilisha mahali pa visima. Nashukuruni sana, dada, Fundi, mzee.

---

Mzee_Bomba

Safi kijana. Sasa swali langu. Hiyo mara 100, mchanga kwa mfinyanzi, umeipata wapi?

---

Mwana_Kisima

Kwenye jedwali la kitabu, mzee. Mfinyanzi walitoa kuanzia namba hii hadi namba ile, nikachukua ya katikati.

---

Mzee_Bomba

Kutoka namba hii hadi ile kuna sifuri ngapi?

---

Mwana_Kisima

Nne.

---

Mzee_Bomba

Tafuta bomba la plastiki la inchi nne, futi kamba, na saa yenye mshale wa sekunde. Nina kisima cha zamani kilichoishia ndani ya mfinyanzi, tutakijaza maji tuandike yanavyoshuka. Jumamosi saa moja asubuhi, na usije na viatu vya ofisini.

---

Kijiwe_Nongwa

Nami nakuja. Nabeba drafti, maana mfinyanzi haushushi maji haraka.